Chupa Tisini na Tisa

Kitendawili. Jibuni upesi, msikune vichwa: nyumba imejaa maji mpaka dirishani, na mwenye nyumba anakufa kwa kiu.

Wapo watakaosema ngamia, maana watu wakisikia kiu tu wanamkimbilia ngamia. Wengine mtasema samaki, nanyi mmepotea zaidi. Haya, nipeni mji. Nimekwenda, nimekaa, nimerudi: ni mtunza stoo ya dawa wa hospitali, na habari zake ndizo hizi.

Kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, mtunza stoo alifungua kidirisha chake. Kilikuwa na nondo nne na ubao wa kuwekea fomu, ubao uliolika katikati kwa viwiko vya watu. Mkono wake wa kulia palikaa mihuri miwili. Mmoja uliandika IMETOLEWA. Wa pili uliandika HAKUNA, na huo ndio mpini wake ulikuwa umelainika kwa kushikwa. Nyuma yake zilisimama rafu, na nyuma ya rafu kabati la chuma lililoandikwa AKIBA. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni, ndani ya shati, akaoga nao na akalala nao.

Wauguzi walimwita Bwana Hakuna. Alijua, wala hakuchukia. Alikuwa mtu safi wa mikono. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kutoka na hata kipande cha pamba. Dawa zikifika, sehemu moja iliwekwa rafuni, na sehemu nyingine kabatini kwa ajili ya dharura kubwa. Rafu ziliisha ndani ya wiki mbili. Kabati halikuisha. Kila baada ya miezi sita, zilizopitwa na tarehe zilitolewa kabatini, zikahesabiwa mbele ya mashahidi wawili, zikachomwa kwenye tanuri nyuma ya chumba cha kufulia. Mashahidi walitia sahihi. Ungefungua faili lake leo usingekuta sahihi hata moja inayokosekana.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na kutwa nzima alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Kijana wao alipohamia mbali kikazi aliwaachia televisheni, mashine ya gemu, na gemu moja tu, la Kijapani. Walianza kulicheza kwa kumkumbuka, wakaendelea kwa kulipenda. Jioni vyombo vikishaoshwa walikaa kwenye kochi, mume na padi ya kuchezea mkononi, mke na nguo ya kupinda mapajani, mpaka taarifa ya habari.

Lilikuwa gemu refu. Wasafiri wanne wanatembea nchi nzima kuuelekea mnara wa mfalme aliyeiba mvua. Mmoja ni kijana wa upanga mwenye nywele kama nanasi. Wa pili ni dubu mstaarabu aliyevaa kizibao. Wa tatu ni mwizi aliyestaafu. Wa nne ni binti mponyaji mwenye koti la rangi ya haradali, na mfalme yule ndiye baba yake wa kumzaa. Mapigano yenyewe ni ya zamu: wewe unapiga, adui anangoja, adui anapiga, wewe unangoja, kama watu waliolelewa vizuri. Maneno yaliandikwa chini ya kioo kwa lugha ya kigeni. Mke ndiye aliyeyasoma kwa sauti kwa Kiswahili, na pale asipoelewa alijaza mwenyewe. Kwa hiyo dubu alisema "samahanini wenzangu" kila alipoingia mlangoni, na mfalme alitukana kama dalali.

"Umemwacha tena binti wa watu chini," mke alisema jioni moja.

"Atainuka. Tukishinda tunakwenda kulala nyumba ya wageni, asubuhi wote wazima."

"Na chupa?"

"Chupa zipi?"

"Mzee, usinifanye mtoto. Machozi ya Mwezi. Moja tu inamwinua mtu hapo hapo. Unazo tisini na tisa, na juzi tumefungua sanduku likakataa kutoa, likasema begi limejaa."

"Hizo za mbele. Mbele kuna bosi mkubwa zaidi."

"Kwa joka ulisema mbele. Kwa yule mama wa popo ulisema mbele."

"Tulishinda, hatukushinda?"

"Mlishinda watatu. Yeye alikuwa kifudifudi, na hadithi ni yake. Kila wakifika penye maneno, yeye yuko chini. Ndiyo maana mpaka leo hajamuuliza baba yake kwa nini alimwacha."

"Wewe unaangalia hadithi, bibie. Mimi naangalia namba. Mponyaji ana uhai mdogo. Ukimwinua, anapigwa tena. Ni kupoteza chupa."

Mke aligeuza pindo upande wa pili. "Unaziweka za siku gani?"

"Nimekwambia, mbele."

"Nimekuuliza siku, mume wangu."

Mume alikuwa anahifadhi mchezo, na alikuwa na desturi ya kutoongea wakati wa kuhifadhi.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, mponyaji alifika kidirishani. Koti lake la haradali lilikuwa na vumbi, na mkono mmoja ulikuwa umeungua kwa moto wa joka.

"Binti, foleni inaanzia kule," mama mmoja alimwambia. "Nyuma ya baba mwenye bandeji."

Mponyaji aliomba radhi akaenda nyuma ya baba mwenye bandeji. Zamu yake ilipofika alipitisha fomu chini ya nondo. Alikuwa na mwandiko mzuri. Aliandika: Machozi ya Mwezi, chupa moja.

"Haina sahihi ya daktari," mtunza stoo alisema.

"Daktari yupi?"

"Wa zamu."

Alirudi saa sita na sahihi. Daktari alikuwa anatia sahihi tangu alfajiri na hakuinua uso. Mtunza stoo aliisoma fomu yote, akaigeuza, akaisoma nyuma, kisha akachukua muhuri wa HAKUNA akaugonga.

"Ziko tisini na tisa," mponyaji alisema kwa upole. "Begi nalibeba mimi."

"Hizo ni akiba."

"Nimeanguka mara mia mbili na kumi."

"Mbona naona umesimama?"

Mponyaji aliangalia miguu yake, akakubali kwamba amesimama. Alikwenda kukaa kwenye benchi la wanaosubiri, na akabaki hapo.

Jioni ile walipowasha gemu wasafiri walikuwa watatu. Walitembea wakiacha nafasi ya mmoja katikati, kama watu wanaomwekea mwenzao kiti.

"Mponyaji yuko wapi?" mke aliuliza.

"Hospitali. Yuko kwenye benchi."

"Ana fomu?"

"Anayo."

"Ina sahihi?"

"Ina."

"Basi shida ni muhuri," mke alisema. Alikata uzi kwa meno, akakohoa. Kikohozi hicho alikuwa nacho tangu wiki iliyopita.

Kwa kuwa sasa hakukuwa na wa kulibeba, begi lilibaki wazi katikati ya kioo, na mke akalisoma kwa sauti kama alivyosoma maneno ya dubu. Machozi ya Mwezi, tisini na tisa. Chini yake: dawa ya sindano ya homa ya mapafu, vichupa sitini, mwisho wa matumizi mwezi wa sita. Drip za watoto, arobaini. Nyuzi za kushonea vidonda, maboksi manane. Orodha iliendelea, na mume akawa anaisogeza chini kwa kidole gumba mpaka ikaisha.

"Hivi ni vya kabati lako," mke alisema.

"Ndivyo."

"Mke wa mwashi alikuja mwezi uliopita na sare niliyomshonea mwanawe. Bado ina chaki. Akaniomba niichukue tu, nimpe mtoto mwingine wa kimo hicho. Alisema aliambiwa sindano hakuna."

"Rafuni hazikuwepo."

"Kabatini?"

"Kabatini zilikuwepo."

Mke alikunja nguo aliyokuwa akiipinda, akaiweka juu ya cherehani, akakaa mikono mitupu. Jambo hilo mumewe hakuwahi kuliona.

"Unaziweka za siku gani?" aliuliza.

Mume alisema taarifa ya habari imeanza, na kweli ilikuwa imeanza.

Jumamosi mke alishindwa kupanda ngazi mbili za mlangoni. Jumapili walimlaza, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Daktari alisikiliza mgongo wake, akasema ni mapafu, akaandika vichupa kumi na vinne. Muuguzi alijaribu maduka ya dawa yote ya barabarani, na yote yalikuwa hayana. Jumatatu asubuhi aliileta fomu kidirishani mwenyewe, akaiweka ubaoni taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Bwana Hakuna, huyu ni mkeo."

"Nimesoma." Aligeuka akaangalia rafu. Mahali pa dawa hiyo palikuwa na kibao chenye jina lake na duara la vumbi. "Hali yake?"

"Anahema."

"Anaongea?"

"Anaongea."

"Basi haijafika hali ya akiba."

"Tumngoje aache kuongea ndipo nije?"

Mtunza stoo alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama alivyofikiria kila fomu. Alimpenda mkewe. Ila kama angefungua kabati kwa huyu anayeongea, mama wa kitanda cha pili angesemaje, naye alikuwa anaongea pia? Na kesho basi likipinduka huko barabarani wakaletwa watu thelathini? Aligonga HAKUNA, akampa muuguzi nakala ya njano.

Mponyaji alikuwa kwenye benchi, akasikia yote. Aliinuka akaenda wodini. Aliweka viganja viwili kifuani mwa mke wa mtunza stoo, na mwanga wa kijani ukatoka, mdogo, kama wa kimulimuli. Mke akapata pumzi ya robo saa. Kisha mponyaji ilimbidi alale sakafuni, maana nguvu za uganga zilikuwa zimekwisha na hazirudi mpaka mtu alale. Wauguzi walimruka kwa uangalifu. Siku hiyo walikuwa wawili kwa vitanda ishirini na vinne, na mtu wa kusaidia hakuulizwa anatoka wapi. Mmoja wao alimvua koti akalitundika, akamvisha aproni.

"Wewe ndiye yule binti," mke alimwambia alipoamka.

"Ndimi, mama."

"Mkono wa koti lako umeungua. Nikitoka hapa nitakutilia mwingine. Baba yako ulimuuliza?"

"Bado. Kila tukifika huwa niko chini."

"Najua. Nimesema sana."

Jumanne, saa ya kuona wagonjwa, mtunza stoo alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Mke alikunywa vijiko vitatu. Katika gemu lao uhai wa mtu ukipungua, namba hugeuka kutoka nyeupe kwenda njano, na kutoka njano kwenda nyekundu.

"Mzee," alisema, akipumzika kati ya neno na neno. "Mimi nimefika rangi gani?"

"Njano."

"Hebu niangalie vizuri."

"Njano, bibie. Kesho asubuhi nitaangalia tena."

"Sogea karibu basi." Akasogea. "Ulimwinua nani kwa zile chupa, tangu tuanze? Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi niambie unaziweka za siku gani. Nikijua nitalala."

Kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ililia. Mtunza stoo alikuwa mtu wa kufuata kengele. Alifunga chupa ya chai, akamfunika mkewe mabega, akaondoka.

Jumatano saa tano asubuhi alifunga kidirisha kabla ya wakati, jambo lililonung'unikiwa na foleni nzima, akafungua kabati. Vichupa sitini vilikuwa vimejipanga sita kwa kumi, mdomo juu. Kufungua akiba kuna fomu yake, na fomu hiyo ina mstari unaosema: Sababu. Aliandika "mke", akafuta, kwa sababu huo ni upendeleo, na upendeleo hakuwahi kuufanya. Aliandika "mgonjwa", akafuta, kwa sababu kama kuumwa kungetosha, kabati lingekuwa wazi miaka ishirini na sita. Aliandika "dharura kubwa". Maneno hayo hayakuwa na kosa. Akayaangalia, akajiuliza ataandika nini siku itakapokuja iliyo kubwa kuliko hii. Alikaa hivyo na kalamu mkononi. Nje watu walibisha mara mbili tatu, wakachoka.

Saa nane na dakika kumi mchana yule muuguzi alikuja kidirishani bila fomu. Mtunza stoo alipoona mikono yake mitupu alifunika kalamu, akafunga kabati, akarudisha ufunguo ndani ya shati.

Walimzika Ijumaa. Kijana wao alikuja akakaa siku nne, akarudi kazini. Mtunza stoo alichukua likizo ya msiba aliyopewa kwa utaratibu, siku saba, na ya nane akafungua kidirisha saa mbili na nusu.

Mponyaji alikuwa ameandikwa kwenye ratiba ya zamu, chini kabisa: mponyaji, wa muda. Kila asubuhi kabla ya kuingia wodini alipanga foleni na fomu yake ya chupa moja, akagongewa HAKUNA, akasema asante. Mwezi wa sita ulipofika, vichupa sitini vilitolewa, vikahesabiwa, vikachomwa nyuma ya chumba cha kufulia. Shahidi wa kwanza alikuwa mhasibu. Wa pili alikuwa mponyaji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anapita. Alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri, vichupa vikapasuka motoni kimoja kimoja. Wiki ileile walipokea vipya. Sehemu moja ilikwenda rafuni, na vichupa sitini vikaingia kabatini, sita kwa kumi.

Jioni alipowasha gemu mara ya kwanza baada ya msiba, ile nafasi katikati ya wasafiri ilikuwa na mtu. Mkewe alikuwa anatembea kati ya dubu na mwizi, futi shingoni, nyuma kidogo kwa sababu ya magoti. Mtunza stoo alisogea upande wake wa kochi kama alivyozoea, akashika padi.

Shida ilikuwa kusoma. Sasa hakukuwa na wa kumsomea, ikambidi asome mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikifuata kwenye kioo. Kwa bahati maneno ya mkewe yalikuja kwa Kiswahili.

"Wewe kijana, kwapa limechanika hilo. Lete nilishone," alimwambia mwenye nywele za nanasi.

"Samahanini wenzangu," dubu alisema, wakaingia nyumba ya wageni.

Kila walipofika nyumba ya wageni, kabla hawajalala, mkewe aligeuka akaangalia nje ya kioo, na chini yake yakaandikwa: Unaziweka za siku gani? Kwenye gemu hilo mtu akikuuliza swali huwa unapewa majibu mawili uchague. Hapa hakupewa. Mtunza stoo alibonyeza kitufe, taa zikazimika, wakalala, wakaamka wazima. Walivuka jangwa hivyo, na daraja, na mji wa chini ya ziwa. Levo zilipanda. Uhai wa fundi cherehani ulikuwa mdogo. Alipigwa, alianguka, na wenzake walishinda bila yeye.

Jioni moja ya mwezi wa tisa walifika juu ya mnara. Mfalme alikuwa amekaa kwenye kiti, na mvua aliyoiba imemzunguka ndani ya magudulia yaliyopangwa kutoka sakafuni mpaka darini. Pigano lilianza. Zamu ya pili mfalme alimpiga fundi cherehani, akaanguka kifudifudi, futi ikamtoka shingoni.

Mtunza stoo alifungua begi. Machozi ya Mwezi, tisini na tisa. Kidole gumba kilikaa juu ya kitufe. Lakini alilijua gemu hili, na alijua kwamba mfalme wa namna hii huwa na umbo la pili. Akafunga begi. Mfalme akawa na umbo la pili, lenye mabawa. Hilo likishindwa huwa kuna la tatu, na kweli lilikuwepo. Mwizi aliyestaafu akaanguka. Kijana wa upanga akabaki na uhai wa rangi nyekundu. Dubu ndiye aliyepiga la mwisho, kwa adabu, akisema samahani.

Mfalme akafa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alimwacha binti yake. Mwenye swali hilo alikuwa hospitali, zamu ya mchana mpaka usiku, na mtu pekee aliyelikumbuka alikuwa amelala sakafuni. Magudulia hayakufunguliwa. Majina ya Wajapani waliolitengeneza gemu yalipanda taratibu, mengi sana, mtunza stoo akayangoja yote yaishe.

Kioo kikawa cheusi. Chini, pale panapokaa maneno, mstari mmoja ulikuwa umebaki. Alibonyeza kitufe, haukuondoka. Alibonyeza vyote. Akaweka padi juu ya kochi, mahali pa mkewe, akausoma kwa kidole ingawa aliujua.

Unaziweka za siku gani?

"Hakuna siku," mtunza stoo alisema. "Nilikuwa nalala vizuri nikijua zipo."